Mwanya wa Mama

Utabisha. Uso wako tu unaonyesha. Bisha, nimezoea. Waliobisha kabla yako walikuwa na elimu kukuzidi, na wakaondoka hapa wamefumba midomo kama wametiwa plasta.

Mimi shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, sote tukafurahi. Lakini niletee kibogoyo yeyote, nitamrudisha mezani akivunja mifupa. Mimi ni fundi wa meno bandia. Daktari yuko chumba cha mbele na koti lake jeupe, anapokea shikamoo. Mimi niko chumba cha nyuma, napokea vumbi. Yeye anachukua alama ya fizi kwa ule uji mzito unaoganda mdomoni. Mimi namimina plasta ya jasi kwenye alama hiyo, napanga meno juu ya nta ya rangi ya waridi, halafu nafunga kazi kwenye taya la chuma, chombo chenye bawaba kinachofunguka na kufumba kama taya la mtu. Mgonjwa anaitwa kujaribu. Anauma, anasema, anacheka. Akiridhika, ndipo nta inatolewa na plastiki ngumu inaingia mahali pake. Kabla ya hapo kila jino bado linasogezeka.

Mama yangu aliugua fizi miaka mingi. Meno yalilegea, yakaondoka moja moja kama wageni wanaoaga. Yeye aliyekuwa akicheka mtaa mzima unageuka, akaanza kuchekea ndani ya mtandio.

"Mama," nikamwambia, "nitakupangia meno mpaka majirani waje kuyaazima wakienda harusini."

"Usinitie mbwembwe, mwanangu. Nitie yangu tu."

Nikampangia. Kazi hiyo! Meupe, yamebanana, yamenyooka kama askari wa gwaride. Daktari mwenyewe alipiga mluzi. Mama akaitwa aje kujaribu, akasema ana homa kidogo, atakuja ikipungua.

Haikupungua.

Tulimzika mdomo umebonyea. Meno yake nikayaacha vilevile kwenye taya la chuma, nikayafunika kitambaa, nikayapandisha rafu ya juu kabisa. Mtu akiuliza ni ya nani, nafanya mzaha.

Basi jioni moja Daktari akanipigia simu nirudi kliniki, amesahau birika la umeme linachemka. Jua linazama. Mlinzi yuko getini na redio yake.

"Profesa! Umesahau akili ndani?"

"Nimekuja kukuachia kidogo," nikamjibu, nikapita nacheka.

Ndani mvuke umetanda hadi darini. Nikachomoa birika. Nikageuka niondoke.

Tak.

Nikasimama.

Tak... tak...

Chumba changu. Sauti ninayoijua kuliko jina langu: taya la chuma linafunguka, linafumba. Panya, nikasema. Nikasema kwa nguvu, ili panya mwenyewe asikie akubali.

Ndipo harufu ikanifikia. Karafuu... Kliniki ya meno haikosi karafuu, mafuta yake yanatuliza maumivu. Lakini hii ilikuwa karafuu iliyotafunwa, yenye joto la mdomo. Mama alikuwa akizitafuna mchana na usiku kwa ajili ya zile fizi.

Nikasukuma mlango.

Kwenye stuli yangu ameketi mwanamke, amenipa mgongo. Mtandio nikautambua. Kitambaa cha rafuni kiko sakafuni. Kazi yangu ameipakata mapajani, anaifungua, anaifumba, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kula.

"Mwanangu," akanong'ona. "Nimekuja kujaribu."

Unasema wewe ungekimbia? Hata mimi miguu niliiambia hivyohivyo. Haikusikia. Mikono ndiyo iliyosikia, maana mikono ya fundi inafanya kazi hata mwenyewe akiwa hayupo. Nikayatoa meno kwenye taya. Nikamvalisha. Midomo yake ilikuwa baridi kama plasta iliyolala.

"Uma taratibu, Mama."

Akauma.

"Cheka kidogo nione."

Akajaribu. Haki ya Mungu, alijaribu. Mdomo ukafunguka, meno yangu yakang'aa kwenye ule mwanga hafifu, na aliyenitazama hakuwa mama yangu. Macho ni yake, mashavu ni yake... lakini kicheko ni cha mtu wa kwenye tangazo la dawa ya meno.

"Umeona?" akanong'ona. "Nimefika kwa mama yangu. Kwa dada zangu waliotangulia. Nilifika na mdomo mtupu, wakaniuliza, wewe nani? Nikarudi kufuata meno. Na kwa haya pia hawatanijua."

"Kwa nini, Mama?"

"Sisi tunajuana kwa mwanya, mwanangu. Mama yangu anao, dada zangu wanao. Wangu umeuziba."

Mwanya wake! Ule uwazi mdogo kati ya meno ya mbele, uliomfanya marehemu baba apotee njia ya sokoni siku ya kwanza alipouona, mwenyewe alikuwa akisimulia. Nilikuwa nimeufuta kwa mikono yangu hii, ili kazi ipendeze.

"Nisogezee tu," akasema. "Nimechoka kusimama nje."

Nikawasha taa ya spiriti. Nikapasha moto kisu cha nta.

Asubuhi Daktari akanikuta nimelala juu ya benchi. Nikamweleza. Akacheka kwa upole, kama wanavyocheka wasomi. Mvuke wa birika umelainisha nta, akasema, bawaba ya taya imelegea, na huzuni nayo ina macho yake, kijana. Kisha akayageuza yale meno. Upande unaokaa kwenye ufizi, ndani kabisa ya nta, kulikuwa na kipande cha karafuu iliyotafunwa.

Akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu.

Hapa ndipo huwa namalizia. Watu wanauliza, ukamwekea mwanya wake? Nawajibu, sasa nishindwe mimi? Wanafuta machozi, wanakwenda zao kulala.

Sikuuweka.

Kisu kilikuwa tayari. Kusogeza meno mawili tu, basi, angeinuka akaenda kwa mama yake, nami ningebaki naitazama rafu. Nikapuliza taa ikazimika. Nikamwambia neno ambalo sisi mafundi tunalisema bila haya.

"Bado kidogo, Mama. Njoo kesho."

Akaja. Na kesho yake tena. Kila jua likizama ninaye, namvalisha, namwambia uma, namwambia cheka. Mwanzo alikuwa ananiuliza kama nimekula. Ananikemea kwa kulala na viatu. Siku hizi haulizi. Harufu ya karafuu inapungua, na sauti yake lazima niinamie ndipo niisikie.

Jana aliketi pale, mikono imekunjwa mapajani. Akanitazama kwa adabu, muda mrefu, kama mtu anayemngoja mgeni mwenzake aanze kuzungumza.

"Samahani, fundi," akasema. "Hii kazi yangu itaisha lini?"