Kamba ya Bibi Verdiana

Kila asubuhi Bibi Verdiana aliwasalimia kuku wake.

"Mmeamkaje nyie?"

Kuku hawakujibu. Walikuja tu miguuni kwake kutafuta pumba. Bibi alicheka kidogo, akawamwagia pumba, kisha akawasha redio. Hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye.

Nyumba yake ilikuwa Kabungu, mwisho wa kitongoji, nyuma ya mashamba ya mahindi. Mumewe, mzee Deogratias, alikuwa mrina asali. Alifariki miaka sita iliyopita. Mtoto wao Adolf analima tumbaku Inyonga. Alikuwa anapiga simu, lakini si mara nyingi. Ziko siku zilizopita bila bibi kusikia mtu yeyote akilitaja jina lake.

Bibi alikuwa na siri. Macho yake yalikuwa hayaoni.

Mwanzoni aliona kama moshi mwembamba. Mwaka uliofuata moshi ukawa mzito. Sasa alitambua mchana na giza, na kivuli cha mtu akisogea karibu. Hakumwambia yeyote. "Adolf akijua atanihamishia Inyonga," alijiambia. "Nani atabaki na kaburi la baba yake?"

Basi alijitengenezea mambo yake. Alichukua kamba ya magome ya mti, ile ambayo mumewe alipandishia mizinga. Akaifunga mlangoni, akaipitisha kwenye nguzo ya jiko, akaimalizia chooni. Aliposhika fundo moja, alijua amefika jikoni. Aliposhika mafundo mawili, alijua amefika chooni.

Na kila jioni alidondoshea machoni asali ya nyuki wadogo. Wazee wengi huko huitumia hivyo. Asali iliwasha, machozi yakatoka, naye akafurahi. Alidhani uchafu unatoka.

* * *

Mjini Mpanda kuna chuo. Kila mwaka wanafunzi wapya wa chuo hicho hupewa siku moja ya kujitolea. Huvaa fulana za rangi moja, hupanda gari, huenda kufanya kazi vijijini. Hupiga picha nyingi sana. Kuna wakati mtu anaweza kudhani kazi yenyewe ni picha.

Mwaka huo mmoja wao alikuwa Shadia, binti wa mfanyabiashara wa dagaa kutoka Karema, ziwani. Alikuwa na wiki tatu chuoni. Wenzake wa bweni walikuwa wamesoma shule moja, walicheka mambo yao, walikula pamoja. Shadia alikula peke yake, akijifanya anasoma simu. Mama yake alipopiga na kuuliza, "Umepata marafiki?" alijibu, "Wengi tu, mama." Ulikuwa uongo, na ulimuuma.

Jumamosi ya kujitolea kundi lao lilipelekwa kwa Bibi Verdiana. Kiongozi alikuwa Jonas, kijana mchangamfu mwenye sauti kubwa.

"Shikamoo bibi! Leo wewe pumzika tu. Kaa hapa kwenye kiti, sisi tutafanya kila kitu."

"Marahaba wajukuu zangu. Asanteni."

Walimkalisha kivulini. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Walifyeka majani, wakahamisha mtungi wa maji, wakapanga kuni upande mwingine. Katikati ya njia ya chooni wakachimba shimo jipya la taka, refu kufika kiunoni.

Shadia alikuwa akifunga mizigo ya majani.

"Jonas, nimekosa kamba."

"Si hiyo hapo? Kamba kuukuu tu ya kuanikia nguo, kata hiyohiyo. Tuchangamke, gari linaondoka saa nane!"

Shadia akaikata kwa panga. Aliona ina mafundo. Akashangaa kidogo, lakini aliogopa kuonekana mwenye maswali mengi. Kipande kimoja kilibaki, akakitia kwenye mkoba.

Mwishoni walimpa bibi unga na sabuni, wakapiga picha. Wote walitazama simu. Bibi alitazama mahindi. Shadia alisimama pembeni kabisa. Walipoagana, bibi alimshika mkono na hakuuachia upesi.

"Una mkono wa baridi," alisema. "Utarudi?"

"Nitarudi, bibi," Shadia akajibu, kama watu wanavyojibu.

* * *

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Wenzake walikwenda kanisani, bweni likawa kimya. Shadia alitoa kile kipande cha kamba. Akayagusa mafundo. Moja. Kisha mawili, karibu karibu. Nani hufunga mafundo kwenye kamba ya kuanikia nguo? Akakumbuka bibi alivyotazama mahindi wakati wa picha. Bibi haoni! Kamba ile ndiyo iliyokuwa ikimwongoza. Akavaa mtandio, akatafuta bodaboda.

Alifika Kabungu saa nne. Mlango ulikuwa wazi. Redio ilikuwa inaongea peke yake.

"Hodi! Bibi!"

"Niko huku," sauti ikajibu kutoka chini.

Bibi Verdiana alikuwa amekaa ndani ya shimo la taka. Alikuwa humo tangu alfajiri. Jana yake alilala mapema kwa uchovu wa wageni, bila kutoka tena. Alipoamka alitoka nje kama kawaida, akanyoosha mkono kushika kamba, akakosa. Alijaribu kwenda hivyohivyo. Shimo hakulijua. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, na kitenge chake kilikuwa kimelowa. Aliona aibu kuliko maumivu.

"Nimeita sana," alisema. "Wamekwenda misa wote."

Shadia alishuka, akamkumbatia, akalia.

"Nisamehe bibi. Ni mimi niliyeikata kamba."

Bibi alimpapasa kichwani. Kisha akasema, "Hukujua, mama. Na mimi sikusema."

Shadia alimtoa, akamwosha, kisha akakimbia kumtafuta Mama Josephina, mhudumu wa afya wa kijiji. Mama Josephina alikuja na daftari lake la wagonjwa mkononi, bado na nguo za kanisani. Aliutazama mguu. Haukuvunjika, ulikuwa umeteguka. Kisha akawasha tochi ya simu, akamulika macho. Katikati ya kila jicho, pale panapopaswa kuwa peusi, palikuwa peupe.

"Bibi, macho haya tangu lini?"

"Mwaka wa pili sasa. Ni uzee tu, mwanangu. Naweka asali."

"Asali acha kuanzia leo. Hata iwe safi namna gani, jicho si mahali pake. Inaweza kuingiza vijidudu, ukapata kidonda. Huu ni ugonjwa unaoitwa mtoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna kitu kama kioo kidogo. Mtu akizeeka, kioo hicho hupata ukungu. Ukungu uko ndani. Asali haiufikii, dawa za majani haziufikii, wala matone hayauondoi."

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Hapana. Unatibika kwa upasuaji. Daktari anatoa kile kioo chenye ukungu, anaweka kingine cha kutengenezwa."

Bibi alirudi nyuma. "Waning'oe jicho?"

"Jicho halitoki, bibi. Wanaweka dawa ya ganzi. Huchukua muda mfupi, na wanafanya jicho moja kwanza. Lazima daktari akupime aone kama jicho lenyewe bado ni zima. Kwa nini hukuja mapema?"

"Adolf angenihamisha."

"Adolf angekuleta hospitali," alisema Mama Josephina. Alikuwa mtu wa kusema wazi. "Umekaa miaka miwili gizani kwa kuogopa swali ambalo hujamuuliza."

Wakampigia Adolf simu palepale. Aliposikia habari za shimo, aliuliza mara mbili kama mama yake ni mzima. Kisha akasema, "Mama, sikuhamishi. Nakuja."

* * *

Alikuja. Madaktari wa macho walipofika hospitali ya Mpanda wiki mbili baadaye, Adolf alimpeleka mama yake. Wakapima, wakalifanyia upasuaji jicho la kulia. Kesho yake bandeji ikatolewa. Bibi alipewa matone ya kuweka kwa wiki kadhaa, akaambiwa asilisugue jicho, asiinue vitu vizito, na arudi siku aliyopangiwa.

Wiki ileile bibi alipoanguka, Shadia naye alikwenda kwa Jonas na viongozi wa chuo, akawaeleza yote bila kuficha jina lake. Jonas alisema kwa sauti ndogo, jambo ambalo si kawaida yake, kwamba lazima warudi. Jumamosi ya wiki hiyo wakarudi, wachache, bila fulana. Safari hii waliuliza kwanza.

"Bibi, unataka tufanye nini?"

"Fukieni shimo lenu," bibi akasema. "Mtungi urudi mlangoni. Kamba mpya ifungwe palepale, mpaka macho yangu yatibiwe. Halafu mmoja akae hapa tuongee. Kazi nyingine ninaiweza."

Tangu hapo chuo kilibadili utaratibu. Wiki moja kabla ya siku ya kujitolea, wanafunzi wawili hutangulia pamoja na mhudumu wa afya, kuwauliza wenye nyumba wanahitaji nini. Mwaka huu kwa kuuliza tu wamepatikana wazee wengine wanne wenye macho kama ya bibi.

Shadia alikuwa akija Jumapili. Siku moja walikaa kwenye mkeka, akamwonyesha bibi ile picha ya siku ya kwanza. Bibi aliisogeza simu karibu, akaitazama kwa jicho lake jipya, uso mmoja baada ya mwingine. Alijicheka alivyokuwa anatazama mahindi. Kisha kidole chake kikasimama pembeni mwa picha.

"Na huyu mwenye mtandio? Anayetazama chini?"

"Ni mimi, bibi."

"Mbona ulikuwa peke yako?"

Picha hiyo ilikuwa imeonwa na chuo kizima. Mama yake Karema alikuwa ameionyesha kwa majirani. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza swali hilo. Shadia alifungua mdomo aseme kwamba ana marafiki wengi tu. Hakuweza.

Bibi Verdiana hakumharakisha. Alinyoosha mkono, akaipunguza sauti ya redio, akasogea kwenye mkeka.

"Sogea huku," alisema. "Nieleze."