Gari la Jaza na Friji ya Mama

Sogeeni, jirani zangu, niwaeleze habari za nyumba moja, maana huenda inafanana na yako.

Asubuhi za nyumba hiyo zilikuwa tulivu. Mama mzee alikuwa wa kwanza kuamka. Alifungua friji ndogo iliyokaa kwenye kona ya jiko la mabati, akatoa kichupa cha insulini, dawa yake ya kisukari, akajichoma sindano. Kisha alimtania mkwewe kwamba chai yake nyepesi hata kitako cha kikombe kinaonekana. Mwanawe, fundi vigae, aliondoka kwa miguu na mwiko wake mkononi. Akilipwa, alinunua umeme kabla ya kitu kingine chochote. Friji ilinguruma na mama alikuwa mzima.

Ndipo fundi akanunua gari, kuukuu lakini la injini kubwa. Kwenye kituo cha mafuta alishusha kioo na kumwambia mhudumu, "Jaza!" kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Watu wakambandika jina hilo, naye kichwa kikavimba.

Haukupita muda bei ya petroli ikapanda mkoa mzima. Wengi waliegesha magari yao wakatembea. Jaza aliona haya. Angepitaje kwa miguu mbele ya watu waliozoea kumwona nyuma ya usukani? Na kazini kwenyewe si mbali, hata jasho halikutoki!

"Bwana, umeme umeisha tangu juzi," mkewe alimwambia. "Dawa ya mama inapata joto."

"Nitanunua kesho. Leo nimeweka mafuta."

"Hata jana ulisema kesho."

"Sasa unataka gari nilisukume?"

Mama akaingilia kati. "Mwache, mkwe wangu, mwenzio anachoka. Dawa nitaiweka kwenye ndoo ya maji."

Mama huyu alimpenda mwanawe kupita kiasi, nami mpaka leo sijui nimsifu au nimlaumu.

Yalikuwa majira ya joto. Kufika adhuhuri, chini ya mabati yale, maji ya ndoo yalikuwa vuguvugu. Umeme ulinunuliwa kidogo, ukaisha, nyumba ikakaa tena siku kadhaa bila. Dawa ilipoteza nguvu polepole na hakuna aliyejua. Mama alijichoma kila siku kama kawaida, lakini alikonda, akawa anakunywa maji bila kukata kiu.

"Ni hili joto tu," alisema Jaza. "Nani hana kiu?"

Siku moja mchana mkewe alimpigia simu kazini akilia. Jaza alipitia nyumbani kuwachukua, akaendesha kwenda hospitali kama mwendawazimu, mama amelazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mkwewe, akihema kwa shida. Tangi lilikuwa limejaa. Kwa mara ya kwanza petroli ile ilikuwa na kazi ya maana, na ilikuwa imechelewa.

Hospitalini muuguzi alikishika kile kichupa.

"Dawa hii mnaiweka wapi?"

"Kwenye ndoo ya maji," alijibu mke.

"Kwani hamna friji?"

Jaza aliinamia vigae vya sakafu kama aliyeitwa kuvikagua.

"Ipo," alisema. "Friji ipo."

Mama alizinduka mara moja tu. Alimwangalia mwanawe akamuuliza, "Umekula, mwanangu?" Kesho yake alifariki.

Sasa gari limeuzwa na Jaza anakwenda kazini kwa miguu. Akilipwa, ananunua umeme kwanza. Juzi mkewe alimuuliza kama waizime friji, maana ndani mna maji ya kunywa tu.

"Iache," alisema, akatoka nje kulia.

Funzo

Ndugu zangu, gari si kosa wala petroli si dhambi. Kosa ni kulipia fahari ya barabarani huku nyumbani kukiwa na mtu ambaye uhai wake unategemea umeme. Kabla hujashusha kioo na kusema "jaza", uliza kwanza mita ya nyumbani inasomaje. Nanyi wazazi mnaojibana ili watoto wasisumbuke, semeni, tena kwa ukali. Leo Jaza angetoa kila alicho nacho amsikie mama yake akimgombeza mara moja tu: "Wewe, umeme umeisha!"