Diski za Mzee wa Mbao

Marehemu alikuwa bado ameshika usukani kwa mkono mmoja. Pikapu yake ilikuwa imeubamiza ukuta wa daraja chini ya mteremko, na mbao alizobeba zilikuwa zimepasua kioo cha nyuma na kumfuata pale alipoketi.

Inspekta alishuka kwenye pikapu ya kituo, akatafuta pa kukanyaga. Alikuwa nadhifu kupita kiasi. Mahabusu walimwita Bwana Pasi, naye alijifanya hajui.

"Tangu jana gari letu linashika breki utadhani limefungwa kamba," alisema Koplo, dereva wake, akizima injini. "Fundi katutendea haki."

"Fundi? Vifaa nilichagua mimi mwenyewe," Inspekta alijibu, na mara akajionea haya kwa kujisifu mbele ya maiti.

Mkaguzi wa magari alitoka chini ya pikapu iliyogonga, mgongo mzima vumbi.

"Diski ya breki ya mbele imepasuka," alisema. "Imelika mpaka imekuwa nyembamba kama sahani. Lakini pedi za breki ni mpya kabisa."

"Kuna ubaya gani?"

"Pedi mpya kwenye diski iliyokwisha, afande? Na mzigo huu, na mteremko huu? Imepata moto, ikapasuka. Hakupata breki tena."

"Aliyezifunga huenda hakujua."

"Huwezi kuishika diski hii mkononi usijue."

Inspekta aliutazama mkono ule kwenye usukani. "Basi yupo mtu wa kujibu," alisema.

Marehemu aliitwa Mzee wa Mbao na kila aliyemfahamu. Mjane wake alikuwa ameketi sebuleni, macho makavu, vumbi la randa likiwa bado kwenye kochi alilozoea kukaa mumewe.

"Mume wako aliendesha gari lenye diski mbovu, mama," Inspekta alisema.

"Mbovu? Alinunua mpya! Alikwenda dukani na ile ya zamani kaifunga kwenye gunia. Fundi wake ana desturi hiyo: kila mteja abebe ya zamani kama sampuli, muuza spea aipime. Gari za aina moja zinaweza kutofautiana diski. Basi wakapima upana, wakapima unene, wakahesabu matundu ya boliti. Akarudi na diski zake na pedi, akazipanga mezani hapa. Nikamwambia, baba, ondoa vyuma vyako, watu tunataka kula."

Alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomliza. Inspekta alifungua daftari lake.

"Ungeziona, ungezitambua?"

"Hata gizani. Alizigonga alama kwa tindo, mistari miwili kama paa la nyumba. Kila chake kina alama hiyo, mpaka sufuria zangu."

"Mama, kikulacho ki nguoni mwako. Hakuna ndugu aliyekuwa na kinyongo naye?"

"Niachie ndugu zangu, afande. Zitafute diski. Ukiziona kwenye gari la mtu, umempata aliyeniulia mume." Alimshika mkono. "Niahidi utaniletea jina lake. Wewe mwenyewe, usitume mtu."

"Nakuahidi, mama."

Gereji ilikuwa kimya mchana huo. Fundi alikuwa akinawa mikono kwa mafuta ya taa, akaifuta, kisha akainawa tena.

"Habari unayo?" Inspekta aliuliza.

"Ninayo."

"Ulimfungia nini?"

"Alivyoleta."

"Alileta diski mpya."

"Sikuziona, afande."

"Mkewe aliziona mezani. Umeziuza?"

"Hapana! Haki ya Mungu, sijauza!"

"Ziko wapi?"

Fundi alitazama mlangoni, akainamisha kichwa. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia hapo. Inspekta alizunguka, akipekua rafu moja baada ya nyingine. Nyuma ya ndoo ya grisi aliona boksi lililofunguliwa. Ndani mlikuwa na diski mpya, zingali na mafuta ya kiwandani. Pembeni mwa boksi palikuwa na leso nyeupe.

Leso ilikuwa yake. Ndiyo aliyobebea boksi lile jana, asichafue vidole.

"Hizi nilikuletea mimi," alisema taratibu.

"Ndizo, afande. Hazikuingia. Ni ndogo."

Inspekta alitoka nje. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na leo Bwana Pasi alipiga magoti kwenye tope la mafuta, kando ya gurudumu la pikapu ya kituo. Koplo aliduwaa. Kupitia matundu ya rimu, kwenye diski mpya, aliona mistari miwili kama paa la nyumba.

Alipitisha mkono kwenye tundu, akaigusa mistari kwa kidole kitupu.

"Nilikwambia uchukue ya zamani," Fundi alisema nyuma yake. "Ukasema sare na grisi haviendi pamoja."

"Ungenirudisha dukani."

"Nani akurudishe? Ulisimama hapa hapa ukasema mkuu wako anakuja kukagua, na gari lisipokuwa tayari kabla ya jua kuzama nitalala ndani, gereji nayo ifungwe. Niliogopa. Gari zenu ni za aina moja na diski zenu saizi moja, nikaazima za Mzee. Nikasema zako nitazibadilisha kesho, za saizi yake, na yeye nimrudishie zake za zamani kwa siku moja tu."

"Ukampa gari!"

"Nilimkataza kubeba mzigo. Akaniuliza kwa nini, nami niliona aibu. Nikamdanganya, nikasema diski na pedi mpya aziache kwanza zizoeane. Akacheka, akanipa mkono. Hakuinama hata kuangalia." Fundi alilia kwa sauti. "Aliniamini, afande. Nimemuua mtu aliyeniamini."

Koplo alikwishatoa pingu. "Nimfunge?"

Inspekta alizitazama pingu. Jina moja lingetosha, na la fundi lilikuwa tayari. Koplo alikuwa mtu wake, na fundi angeogopa kusema, kama alivyoogopa jana. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma.

"Mpeleke kituoni. Mwambie mkuu wa kituo achukue maelezo yake," alisema, "na akimaliza, achukue yangu. Usiliguse gari. Ni kielelezo."

"Wewe utarudi na nini?"

"Nina miguu."

Alitembea hadi kwa mjane na tope lake magotini, wala hakulipangusa. Mama yule alimwona akiwa mbali, akasimama mlangoni.

"Umeziona diski?"

"Nimeziona, mama."

"Kwenye gari la nani?"

Inspekta alivua kofia yake.

"Langu," alisema.