Kipande cha Ngozi ya Tajmira

Msiwaulize watu wa Jorina kwa nini hawanywi maji kwa kina Golenur. Niulizeni mimi. Ukuta wao na wangu ni mmoja, na nilisikia yote.

Ilianza na harufu ya nyama. Siku ile nyumba ile haikupika nyama, ilikuwa dengu na wali tu. Golenur akatoka uani, akamkuta mkwewe, Tajmira, anageuza mikate kwenye tawa, kikaango bapa cha chuma. Vidole viwili vimelala juu ya chuma, vinatoa moshi. Naye anaimba.

"We mwanamke! Unajichoma!"

Tajmira akautazama mkono kama ni wa mtu mwingine. "Sijasikia kitu, Mama."

Mkono huo ndio uliomfanya ajulikane. Hapa sote tunasokota biri, sigara za majani, lakini hakuna aliyemfikia. Jani, tumbaku, uzi, tayari, huku mtoto kalala mapajani. Mumewe, Saidul, alikuwa mbali, Kerala, kwenye mijengo, kama wanaume wetu wote.

Hospitali ya ukoma wakampa vidonge. Wakamkata na kipande cha ngozi mkononi, pale penye baka lililokufa ganzi, kidogo kama punje ya dengu, wakakichungulie. Miezi miwili ikapita vizuri. Wa tatu, baka likavimba, likawa jekundu kama pilipili, na mkono mzima ukawaka.

Basi ikawa kila adhuhuri, jua likisimama utosini na kuku wamenyamaza, namsikia Tajmira anamnong'oneza mkwewe: "Mama, anagonga tena."

"Nani? Mlangoni?"

"Hapa." Akashika kiwiko. "Ndani."

Golenur akaweka sikio. Aliniapia baadaye kwamba alisikia. Ko. Ko. Ko.

Wakarudi hospitali. Daktari, mama mmoja aitwaye Bandana, akampa vidonge vingine, vidogo vyeupe. Akasema, "Vijidudu tumeviua. Ila mizoga yao bado imo kwenye ngozi, na mwili wake haujui kwamba vimekufa. Unavipiga, na kwa kuvipiga unaunguza mishipa ya fahamu. Hivi vyeupe vinautuliza. Mama, asikose hata siku moja. Akikosa, vidole vitajikunja, mkono utajifunga."

Golenur hakuwa anasikiliza habari za vidonge. "Kile kipande mlikizika wapi?"

"Hatukuzika. Tumekikata vyembamba, tumekipaka rangi, tunakitazama kwenye kioo cha kukuzia. Tunataka tujue mwili unakasirikia nini."

Jamani. Sisi hata ukucha tunauzika, hata nywele za kwenye kitana. Golenur alirudi midomo imemkauka. Akampitia Fakiri Mokbul, mganga wetu wa majini.

Fakiri akanusa ule mkono, akarudi nyuma hatua tatu. "Nyama haijazikwa. Jini kapata mlango. Na vidonge ndivyo anavyokula. Siku saba asile kitu cha hospitali."

Jorina, mamake Tajmira, akaja mbio. Walikutana langoni.

"Mpe mwanangu dawa, Golenur!"

"Mwanao uliniletea na jini lake mwilini kama zawadi ya harusi, leo unanifundisha?"

"Jini ni wewe! Ulianza kumkondesha tangu siku ya harusi!"

"Basi mchukue! Mtoto wa Saidul anabaki!"

Tajmira akasema kutoka ndani, sauti ndogo: "Mama, nenda. Siwezi kumwacha mtoto."

Golenur na Fakiri wakamfungia chumba cha nyuma, madirisha yamezibwa kwa magunia, pilipili inafukizwa kwenye makaa hadi mimi huku kwangu nakohoa, na siku ya kwanza alilia, na ya pili aliomba vile vidonge kwa jina la Mungu na kwa jina la mtoto, na ya tatu akaacha kuomba akaanza kugonga ukuta kwa kiwiko, ko, ko, ko, ukuta wangu, kichwani pangu, na ya nne nikasikia anazungumza na mtu, na yule mtu anamjibu kwa sauti kavu kama jani la biri likivunjwa, anamwambia mimi nimekufa, mimi nimekufa, mbona bado unanipiga, nami nikajifunika shuka jua likiwaka, nikashindwa hata kukumbuka aya moja ya kusoma.

Siku ya saba, kimya.

"Unaumwa?" Fakiri akauliza.

"Hapana."

"Ametoka!"

Golenur alilia kwa furaha. Akamwita Jorina, wakakumbatiana, wakasameheana, nami nilikuwepo nikalia nao. Jorina akasema leo wali napika mimi, akaenda kwenye pipa la mchele.

Tajmira akakaa chini, akavuta kikapu cha majani. Akachukua jani. Likaanguka. Akachukua tena. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja kiganjani kama kucha za kuku aliyekufa, na vingine vinavifuata. Akajaribu kuvinyoosha kwa mkono wa pili. Havikunyooka.

"Mama, amekwenda kweli?"

"Amekwenda, mwanangu. Si maumivu yameisha?"

"Basi mbona amefunga mlango kwa ndani?"

Jorina akatoka na bakuli la mchele. Juu ya mchele pamelala vidonge vyeupe, vya siku zote saba, Golenur alivyovificha pipani. Alimbeba bintiye na mjukuu, na Golenur hakunyanyua mkono kumzuia. Hospitali walijitahidi miezi sita. Mkono haukufunguka.

Hiyo ndiyo sababu.

Juzi, adhuhuri, nimekaa na ungo wangu, nikasikia harufu ya nyama. Nikachungulia juu ya ukuta. Tajmira hayupo, yuko kwa mamake siku hizi zote. Golenur amekaa peke yake mbele ya jiko, anageuza mikate, vidole vimelala juu ya chuma, vinatoa moshi.

Naye anaimba.