Nguzo Zilizopimwa Zikiwa Zimelala

Nyaya sita za shaba zilizozunguka mlingoti wa redio zilikuwa zimekatwa zote. Inspekta alifika saa mbili asubuhi, na kufikia saa tatu alikuwa na mwizi wake: mlinzi. Kiganja cha mlinzi kilikuwa na kidonda cha moto, kidogo, cheupe, cha kina.

"Hiki?"

"Niliungua, afande."

"Na nini?"

Mlinzi akakunja kiganja.

Inspekta akamfunga pingu pale pale getini, mbele ya mama mkwe wa mlinzi aliyekuja kumjulia hali. Jamani, mtu na mkwe wake! Mama wa watu alijifunika uso kwa mtandio, akarudi alikotoka.

Fundi mitambo, mzee waliyemwita Profesa, alieleza taratibu. "Hizi nyaya ndizo ardhi ya mlingoti, yaani njia ya umeme wake kurudi, afande. Badala ya kuzizika, nilizipitisha juu ya nguzo, mita tatu, mtu asizifikie. Mtambo ukiwaka, ukigusa ncha tu, unaungua mpaka mfupani."

"Na ukizimwa?"

"Ukizimwa ni waya tu."

Inspekta akaenda kusoma kumbukumbu za mtambo. Ulizimwa kwa mkono, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ufunguo wa chumba cha mtambo alikuwa nao mtu mmoja tu: Profesa.

Inspekta akalifunga daftari la kumbukumbu. Aliyekata nyaya hakuungua. Na kile kidonda kilikuwa kimeshaanza kukauka, hata kipofu angekipapasa akajua si cha leo. Yeye, na macho yake mawili, hakuona.

Akaenda kwenye nguzo. Akanyoosha mkono, akakishika kikombe cha kauri kilichokuwa kimebeba waya. Futi ya kupimia ilisema mita mbili. Kisha akafungua stoo ya fundi. Nyaya zote zilikuwa humo chini ya turubai, zimekunjwa vizuri.

"Mzee wangu, mwizi gani anakunja mali ya wizi hivi?"

Profesa akakaa juu ya ndoo.

"Nguzo nilizipima zikiwa zimelala, afande. Mita tatu kamili. Nikasahau kuwa mita moja itaingia shimoni."

"Na mlinzi?"

"Wiki iliyopita alikuwa anaondoa tawi, akagusa waya. Nikamwomba anifichie. Leo wakaguzi wanakuja na futi zao. Nyaya zisipokuwepo, hakuna cha kupima. Ningesimamisha nguzo nyingine, ndefu. Nimefundisha mafundi miaka thelathini! Nikaona heri niitwe aliyeibiwa kuliko aliyeshindwa kupima mti."

"Ukamwacha afungwe?"

"Aibu ilinikaba, afande." Akalia kama mtoto.

Kituoni, Inspekta alifungua mahabusu mwenyewe.

"Kwa nini hukusema?"

"Yule mzee ndiye aliyenitafutia kazi. Ningemuumbuaje?"

Inspekta akamsogezea viatu vyake. "Nimekukosea, ndugu yangu. Nisamehe."

"Usiniambie mimi." Mlinzi alikuwa anavaa viatu. "Mimi najua sikuiba. Twende kwa mkwe."

Wakaenda kwa miguu, mlinzi mbele, Inspekta nyuma, na watu wakitazama. Mlangoni mlinzi alipiga hodi mara mbili. Ndani kulikuwa na mtu, maana ufagio uliacha kufagia, lakini hakuna aliyeitikia.

Inspekta akavua kofia, akasogea mbele.

"Hodi, mama. Ni mimi niliyemfunga mkweo."