Korongo wa Lihangwe

Mwewe alishuka kutoka juu ya bati la bucha, akapita katikati ya wanunuzi wa Soko Kuu la Songea, akanyakua sambusa mkononi mwa Notburga Kapinga. Hakumkwaruza hata kidogo. Notburga alibaki na kipande cha gazeti chenye mafuta, mdomo wazi, na kabla hajaufunga alisikia kamera ikilia mfululizo karibu na sikio lake.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa hadi kwenye viwiko, tai nyekundu imelegezwa shingoni, alikuwa anatazama kioo cha kamera yake huku akicheka peke yake.

"Umenipiga picha?"

"Nimempiga mwewe, dada. Wewe umejitokeza tu."

"Hebu nione."

Mwewe alikuwa ametanua mabawa, sambusa imening'inia kwenye kucha. Nyuma yake, waziwazi kabisa, alikuwepo Notburga mwenye blauzi ya njano, miwani imeteleza hadi puani, macho yamemtoka kama mtu aliyemkuta mama mkwe wake baa.

"Futa."

"Hii? Hata ukiniitia polisi."

"Kaka, futa! Halafu unasema mwewe, mwewe gani?"

"Kwani wako wangapi?"

"Huyo mdomo wake ni wa njano. Yupo mwingine wa mdomo mweusi, huyo anatoka Ulaya kukimbia baridi. Kama hujui unachopiga, bora ukapige harusi."

"Ndiko nilikotoka," alisema, akainua ile tai. "Harusi ya Mjimwema. Bibi harusi bado anasukwa, nikatoroka nije kununua betri. Naitwa Gaudence Mbawala."

"Mbawala anayepiga picha mwewe!" Notburga alicheka bila kutaka. "Pori zima limekuja sokoni leo."

Gaudence alimnunulia sambusa nyingine, akasimama akiwa ameikinga kwa mikono miwili mpaka Notburga alipoimaliza. Akaomba namba ili amtumie ile picha. Notburga akampa, akijiambia kwamba anataka kuhakikisha imefutwa. Alipoipata jioni ile aliiangalia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na neno la kufuta hakulirudia tena.

Notburga alikuwa akiuza miwani katika duka dogo karibu na stendi, yeye na mwenzake Careen. Alikulia Mbinga, na utoto wake wote aliuona kwa ukungu bila kujua kwamba wenzake wanaona tofauti. Alivalishwa miwani akiwa kidato cha pili. Siku hiyo, alipotoka nje, kitu cha kwanza kukiona sawasawa kilikuwa mdiria, ametua kwenye waya wa umeme, buluu ya mgongo wake inawaka. Alisimama pale hadi mama yake akadhani miwani imemuumiza. Tangu hapo hakuacha kutazama ndege. Kila Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alivaa mabuti ya mvua, akatia darubini yake ya mtumba kwenye mkoba, akaelekea mabondeni. Wanaume wawili walishajaribu kumchumbia, na wote wawili walimuuliza swali lile lile: utaacha lini hayo mambo ya ndege?

Gaudence hakuuliza hivyo. Yeye alipiga simu.

"Nota, niko hapa Msamala kwenye ubatizo. Kuna ndege kwenye mwembe wa watu, mweusi, kichwani ana kishungi, anapiga kelele kama anadai kitu."

"Chini ya mkia ana njano?"

"Subiri ageuke. Kageuka. Anayo!"

"Huyo ni shore. Ni ndege wa kawaida kabisa, mpenzi."



"Umeniitaje?"

"Nimesema ni shore."

"Baada ya shore ulisema nini?"

"Nenda kabatize mtoto wa watu," alisema Notburga, akakata simu, akajikuta anamchekea mteja aliyekuwa amekaa kwenye kiti akisoma herufi ukutani.

Wakaenda hifadhi ya Luhira pamoja, wakawatazama kwarara wakichokoa udongo kwa midomo yao mirefu. Gaudence alijifunza kulala kifudifudi na kunyamaza, kazi aliyosema ni ngumu kuliko kuwapanga wajomba kwenye picha ya ukoo. Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea na mahindi yakiwa yamefika kiunoni, Notburga akaamua kumpeleka Lihangwe.

Lihangwe ni bonde la maji na matete, ng'ambo ya mashamba, kwenye njia ya kwenda Namtumbo. Hakuwahi kumpeleka mtu huko. Alimshika mkono, akamwonyesha mbali katikati ya majani tuta la matete yaliyolazwa, na juu yake korongo taji amelalia mayai, kichwa chake chenye taji la dhahabu kikionekana na kupotea kadiri upepo ulivyovuma. Mwenzake alikuwa akitembea pembeni, taratibu, kama mwenye shamba anayekagua mipaka.

"Mwaka jana walitaga hapa hapa," alinong'ona Notburga. "Watu wakachukua mayai. Yule jike alizunguka bonde hili akiita, siku nzima. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye kichuguu, sina la kufanya. Sitaki kuyaona tena yale, Gaude. Hapa usimtajie mtu."

"Nitakaa kimya."

"Hata mama yako."

"Mama yangu akijua mtaa mzima wa Lizaboni umejua. Sitamwambia."

Dume likaanza kuruka, mabawa wazi, likishuka na kuinama kama linamwamkia mkewe. Gaudence alinyanyua kamera. Halafu akaigeuzia upande wa Notburga, aliyekuwa amevaa gauni la kitenge cha kijani na mabuti yaliyojaa tope, anacheka, taji la korongo liking'aa nyuma yake. Hapo Gaudence alijua kwamba atamuoa mwanamke huyu. Ila hakumwambia, akamwambia asogee kidogo kushoto.

Jumanne iliyofuata, Careen aliingia dukani akiwa ameinua simu yake juu.

"Mwenzetu umekuwa nyota! Mji mzima unakuangalia."

Ilikuwa kwenye ukurasa wa studio ya Gaudence. Kitenge cha kijani, mabuti, na dume la korongo hewani. Chini ameandika: *Malkia wangu, Lihangwe.* Mtu mmoja ameuliza ni wapi huko, mwingine amejibu na kueleza njia. Vijana walishaanza kupanga safari ya kwenda kupiga selfi Jumamosi.

Notburga alitoka nyuma ya duka akapiga simu.

"Malkia," Gaudence aliitikia kwa furaha. "Umeiona?"

"Umeandika Lihangwe."

"Nimeandika malkia wangu."

"Gaude, umeandika Lihangwe!"

Alimsikia akivuta pumzi. Hakuwa mtu mwongo, na hata sasa hakutafuta uongo. "Jamani. Nilikuwa nakutazama wewe. Korongo nilimsahau kabisa, haki ya Mungu. Naifuta sasa hivi."

"Imeshasambaa kwenye simu za watu, utawafutia?"

Notburga alipofika Lihangwe Jumapili, jua lilikuwa limetoka baada ya mvua ya usiku na bonde lilikuwa likifuka mvuke. Nyayo zilianzia barabarani, nyingi, za raba na za ndala, zimekata matete hadi kwenye tuta. Tuta limekanyagwa likawa bapa. Chupa ya soda inaelea. Hapakuwa na yai, wala ganda la yai, wala korongo. Notburga alihesabu kwamba mayai yalikuwa bado wiki nzima kabla ya kuanguliwa. Akasimama kwenye maji yaliyomfika magotini, akalia kwa sauti kama mtoto.

Gaudence alimkuta pale. Alikuwa amekuja na bodaboda, tai bado shingoni.

"Nota..."

"Nilikuonyesha kitu kimoja tu." Hakumtazama. "Kitu kimoja, Gaude, na nikakuomba kitu kimoja."

"Nimekosa. Niambie nifanye nini."

"Usinipigie simu tena."

Akampita, mabuti yakifyonzwa na tope.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Notburga alipima macho ya watu, akafuta vioo, akarudi kwake Bombambili akala ugali bila kuusikia ladha. Simu ya Gaudence haikuja, kama alivyoagiza, na alimkasirikia pia kwa kutii. Jumapili alikwenda kanisani akarudi moja kwa moja nyumbani. Darubini ilikaa msumarini. Asubuhi moja shore aliimba dirishani, naye akafunga dirisha.

"Mpigie," alisema Careen.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie umekonda."

Alhamisi moja mchana, namba asiyoijua ikaita.

"Haloo! Wewe ndiye yule binti wa darubini?" Ilikuwa sauti ya mzee, anapayuka kama simu ni bomba la maji.

"Ndiye. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi Pankrasi, mwenye shamba la mahindi hapa Lihangwe. Namba nimeikuta kwenye simu ya huyu kijana wako, imeandikwa Malkia. Njoo umchukue."

Notburga alishika meza. "Amefanya nini?"

"Amenimalizia maharage! Kila siku yupo hapa. Akija mtu na simu yake ya kupiga picha, anamrudisha barabarani. Vijana walitaka kumpiga, nikatoka na jembe. Halafu analala kwenye mahindi yangu na hilo dude lake refu kama bazuka, anatafuta ndege. Sasa leo amewaona, ameanza kulia. Mimi nitafanyaje na mwanaume anayelia shambani?"

"Amewaona nani, mzee?"

"Hao kuku wako wa taji. Wako hapa na watoto wao, wanakula panzi."

Notburga hakuaga vizuri. Careen alimsukumia mkoba mikononi, akasema, "Nenda, nenda, duka halikimbii," na bodaboda iliyokuwa imeegeshwa mlangoni ikampakia na viatu vyake vya dukani.

Mzee Pankrasi alimwelekeza kwa kidole kule mwisho wa shamba. Gaudence alikuwa amelala kifudifudi kati ya mistari ya mahindi, ndevu zimeota, fulana imekuwa rangi ya udongo. Alisikia majani, akageuza kichwa. Akaweka kidole mdomoni, akampisha mahali pake nyuma ya lenzi.

Mwanzoni Notburga aliona majani tu, kwa sababu ya machozi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Korongo wawili walikuwa wakitembea kwenye nyasi fupi pembezoni mwa maji, wakirusha miguu taratibu. Na chini yao, wakijikwaa, wakizama kwenye nyasi na kuibuka, walikuwa vifaranga wawili wenye manyoya laini ya rangi ya asali. Mmoja alimfukuza panzi, akaanguka kifudifudi, akainuka kana kwamba hakuna aliyemwona.

Kifua cha Notburga kililegea. Hakujua kwamba wiki zote zile alikuwa akipumua nusu nusu. Hewa iliingia mpaka chini, ikatoka, na pamoja nayo kicheko ambacho alikizuia kwa kiganja.

"Walishaanguliwa," alinong'ona. "Nilikosea hesabu. Walishatoka kabla ya wale watu kufika, wakawapeleka watoto mbali."

"Sikujua. Nilikuja tu ili mtu asije tena," Gaudence alinong'ona. "Leo asubuhi nikaona kitu cha njano, nikadhani ni ua. Ua likatembea."

"Wazima kabisa?"

"Yule mdogo mchokozi. Kamfuata mzee Pankrasi hadi kwenye jembe."

Walitazama mpaka familia ile ikaingia kwenye matete. Hapo ndipo Notburga alipomgeukia, akamwona jinsi alivyochakaa.

"Harusi zako je?"

"Bwana harusi mmoja amepigwa picha na binamu yangu. Amekatwa kichwa kwenye nusu ya albamu." Akamgeukia. "Nota, yale maji uliyosimama ukalia, siwezi kuyasahau. Nilikuvunjia neno kwa uzembe. Hawa wameokoka kwa miguu yao wenyewe, sikuwaokoa mimi. Nilitaka tu ujue kwamba wapo."

"Nami nilikufukuza bila kukupa hata nafasi ya kunywa maji." Alimfuta tope shavuni kwa dole gumba, likazidi kusambaa. "Kwa nini hukunipigia?"

"Ulikataza!"

"Mwanaume mzima, unakatazwa na unakubali?"

"Lile la kwanza sikulifuata, nikaona nifuate la pili."

Notburga alicheka, safari hii bila kuziba mdomo, na kwarara wakaruka kutoka kwenye maji wakilalamika.

"Nikuoe," alisema Gaudence.

"Hapa? Unanuka bwawa."

"Nitaoga kwanza. Halafu nitume washenga Mbinga, waje kwa heshima, na mimi nitakaa nyuma nimenyamaza. Najua kunyamaza siku hizi."

 Notburga alitoa simu mkobani, akabonyeza, akaweka sikioni, bado amemkazia macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu! Leo sauti yako imerudi. Ulikuwa unaumwa?"

"Nimepona. Mama, kuna wageni watakuja kukuona."

 Ikasikika sauti ya sufuria ikiwekwa chini kwa uangalifu.

"Wageni wa namna gani?"

"Wa kuja na mshenga."

"Yesu na Maria! Ni mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa Songea. Mbawala."

"Mngoni," alisema mama, akatafakari. "Haya, wapo Wangoni wazuri. Yeye kuhusu hayo mambo yako ya ndege anasemaje?"

Notburga alimtazama mwanaume aliyelala kwenye tope, jicho limerudi kwenye lenzi, kidole kikimwashiria kwa pupa kwamba wametoka tena, aje haraka.

"Mama, nitakupigia baadaye," alisema, akapiga magoti kwenye mahindi.