Sauti ya Kumi na Saba

Siku mashamba ya Wamaza, kule Kabambare, yalipochukuliwa, ninyi mnaosoma hapa mligeuza uso. Mkasema hayo ni mambo ya Kabambare. Leo mtamtazama Rachida, mtake msitake.

Alikuwa amesimama katika kibanda cha mchumba wake Blaise, fundi wa simu wa Kasongo, macho kwenye tableti kuukuu. Ndani yake kulikuwa na sauti arobaini za watu waliofukuzwa mashambani, alizozikusanya mwenyewe kwa miguu. Wakili wao alizitaka siku hiyo kabla ya saa kumi jioni, zitumwe kwa programu yake, na programu ilikataa kufunguka: sistemi inayoiendesha tableti ilikuwa nzee, kiwanda kilishaacha kuihudumia. Basi Blaise akaweka nyingine mpya, iliyotengenezwa na mafundi wa kujitolea. Ila kabla ya kuiweka, ilibidi tableti ifutwe yote.

— Ulinakili zote mbele ya kufuta? akauliza Rachida.

— Zote, sheri, mupenzi wangu. Nimesharudisha. Angalia vile inakimbia! Kizee imerudi kuwa binti.

Rachida hakucheka. Alipitisha kidole. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na nane.

— Blaise, ya kumi na saba iko wapi?

— Labda sistemi imeikula.

— Inachagua chakula? Imeacha thelathini na tisa, ikasikia njaa ya sauti ya Mama Ernestine peke yake?

— Tutamurekodi tena.

— Mama Ernestine tulimuzika mwezi wa tatu! Utamurekodi wapi?

Simu ya Blaise ikatetemeka mezani. Rachida akaiona kabla hajaifunika: "Mwanangu, ya yule mwanamuke umeitoa? Papa."

— Papa yako Grégoire anatafuta nini kwa sauti ya marehemu?

Blaise aliinamisha kichwa.

— Mama Ernestine alisema kwa Kibangubangu, luga ya kwao. Wewe hukisikii, mimi ninakisikia. Alisema mutu aliyeonyesha mipaka wale watu waliochukua mashamba ni papa yangu. Nikamuuliza papa. Hakukana. Alisema tu, "Itoe."

— Na ukaitoa.

— Niliitoa kwa tableti. Iko mu simu yangu. Mara tatu nimetaka kuifuta, kidole kimekataa. Rachida, ni papa yangu!

— Na wale arobaini ni watoto wa mbuzi?

— Basi chukua simu! Itume wewe!

— Sichukui. Utairudisha kwa mukono wako. Sitaolewa na mutu niliyemunyang'anya ukweli.

Saa tisa na dakika hamsini. Blaise alichomeka waya kati ya simu na tableti, akairudisha ya kumi na saba, akabonyeza kutuma, jasho likimtoka puani. Mstari wa kijani ulikwenda kama konokono, ukasimama, ukaendelea. "Zimetumwa: 40."

Simu ikalia.

— Ndiyo, papa. Niliitoa, kisha nikairudisha. Iko kwa wakili.

— Usiniite tena papa!

Hata Rachida alisikia. Simu ikakatwa.

— Sina kwetu tena, akasema Blaise.

— Ijumaa uje kwetu kuposa. Ukikosa wa kukusindikiza, uje peke yako. Baba yangu akiuliza wewe ni mutoto wa nani, taja jina lote, la papa yako pia.

Na wewe je? Kwenu yuko mama anayejua shamba lenu liliishia mikononi mwa nani, na nani aliwaonyesha mipaka yake. Kaa mbele yake. Fungua rekodi. Mwache aseme kwa lugha yake, leo hii, angali na pumzi.